Ng'ombe Wako Wameandikwa kwa Hanifa

Utemini,
Singida.
14 Agosti 1994.

Mpendwa Kaka Abdulkadiri,

Asalaam aleikum, na shikamoo kaka. Hali yako huko Mtwara? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila mwanangu Mwantum anaota meno, halali wala haniachi nilale. Naandika nimempakata, usijali mwandiko.

Kaka, siri yako imetoka, na aliyeitoa ni mimi.

Walikuja wageni wawili wa chuo kikuu. Wanapita nyumba kwa nyumba wakikadiria gesi inayoitwa methani, hapa mjini inatoka wapi zaidi: kwa ng'ombe wakibeua, kwenye samadi, vyooni au jalalani. Nilicheka, lakini nikawajibu. Wakasema nitaje ng'ombe wangu tu, wa mtu mwingine wataandikwa kwa mwenyewe, wasije wakahesabiwa mara mbili. Nikaogopa kuwaharibia kazi. Nikasema hawa wawili na ndama ni wa kaka yangu, nyumba yake ile pale yenye mlango wa bluu.

Wakaenda moja kwa moja kumuuliza wifi Hanifa ng'ombe wake wanakula nini. Yeye, uliyemwambia umetuuzia sisi ng'ombe wote upate nauli!

Alikuja amejifunga kanga kiunoni. "Wifi, wanangu mwaka mzima chai ya rangi, kumbe wewe unakamua ng'ombe wa baba yao?"

Ulisema akijua atawauza, nami nikanyamaza, kwa kuwa maziwa nilikuwa nayapata mimi. Kila asubuhi watoto wako walipita hapa kwenda shule, wakaniamkia, nami nimefunika sufuria. Hilo ndilo linaniuma, si la wageni.

Nimempelekea wote, pamoja na ndama. Nisamehe kaka, nilikuahidi. Lakini usiniagize niwarudishe, sitawarudisha. Na mkeo mwandikie wewe mwenyewe, mimi nisitumwe tena.

Jana wageni walirudi kuhakikisha. Kwangu wamekuta zizi tupu. Kwa Hanifa wakaandika wawili na ndama, akawapa na chai ya maziwa. Mimi hakunikaribisha.

Mama anakusalimu sana, na shemeji yako Mselemu. Watoto wako wanakuamkia. Leo wamepita hapa midomo ina utando wa maziwa, nikaweza kuwatazama.

Mungu akutunze, akurejeshe kwenye mlango wako.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa leo anakuogopa,
Hajira