Vidole vya Akina Mama Dhidi ya Bomu

Jumatatu, 19 Oktoba 1959
Nimepiga pasi shati la Zakayo. Kola imelika, nimeigeuza nikaishona upya. Mwanangu ni karani wa taipu katika ofisi ya serikali mjini, hawezi kwenda kama mchunga mbuzi. Jioni alinisomea gazeti. Wafaransa watalipua bomu la atomiki kwenye jangwa la Sahara. Eti hakuna watu huko. Nikamwambia, hata hapa Kangemi Wazungu walipokuja walisema hakuna watu. Mkewe Rispa ana mimba ya miezi saba. Anauliza kama vumbi la bomu litafika hapa. Zakayo hajui. Mimi pia sijui, na hilo limeniudhi siku nzima.

Jumamosi, 24 Oktoba
Tumekwenda kusikiliza mjadala ukumbini. Watu wamejaa mpaka madirishani. Mwalimu mmoja akasema tuandike barua ya malalamiko, tuipeleke kwa DC, mkuu wa wilaya, aipeleke Uingereza, nao wawaambie Wafaransa. Mzee wa nyuma akapaza sauti: "Uingereza ana bomu lake. Mwizi wa kuku atamshtaki mwizi wa mbuzi?" Tulicheka sana. Kijana mwingine akasema hatuna nchi, kwa hiyo hatuna la kusema juu ya nchi za watu. Hapo hatukucheka.
Watu wakaenda mbele kutia sahihi. Zakayo alibaki na mikono mfukoni. Mtu wa serikali haruhusiwi. Njiani nilimwita mwoga, mkewe akisikia.

Alhamisi, 29 Oktoba
Mkutano wetu wa akina mama wa kanisa. Baada ya maombi nikawaambia habari ya bomu. Wengi wetu hatujui kuandika. Mimi mwenyewe herufi nilizipata katika darasa la ubatizo, za Kiswahili tu. Basi tutie alama za vidole. Tulikoroga masizi ya sufuria na mafuta ya kupikia. Doriki akasema, "Mama Zakayo, Mfaransa akiona kidole changu atajua nimetoka kusonga ugali." Mama Mutua akasema yeye atatia viwili, kimoja chake na kimoja cha mumewe aliyelewa.
Wairimu alikataa. "Kidole changu wanacho tayari, dada. Kiko kwenye pasi ya kutembea, kiko kituo cha polisi, kiko kambini waliponifunga. Siwapi kingine." Sikumlazimisha. Nilimkumbatia.
Zakayo hakutaka kunipa karatasi. Nilichukua zile za kapu la kuwashia makaa, zile anazoleta kutoka ofisini zikishaharibika. Upande mmoja umepigwa taipu ya Kizungu, upande wa pili mweupe kabisa. Nikaziunganisha kwa uji mzito. Vidole arobaini na kimoja. Nimempelekea yule mwalimu wa ukumbini. Nimerudi nikiimba.

Jumatano, 11 Novemba
Zakayo amerudi saa tano asubuhi. Hajawahi kurudi saa tano.
Kwa DC waligeuza karatasi zetu. Nyuma kuna barua za ofisi yake, na chini ya kila barua herufi za jina lake, maana karani hutia herufi zake kwa kazi aliyoipiga. Wanasema ametoa siri za serikali. Wanasema ndiye aliyekusanya wanawake. Wamemsimamisha.
Ni mimi. Ni mimi peke yangu. Nimemwambia. Akasema, "Najua, mama." Akaenda kulala.

Ijumaa, 13 Novemba
Nilitembea mpaka mjini. Ofisini askari wa mlango aliniambia wanaotafuta kazi ya kufua wapite nyuma. Nikasema nimekuja kukiri kosa. Wakanipeleka dirishani kwa karani, kijana wa kwetu kabisa, tena mwenye adabu. Nikamweleza masizi, uji, kapu la makaa. Akasema, "Mama, mwanao amekutuma uje umwokoe." Nikasema hajui nimekuja. Akatikisa kichwa. Hakuandika hata neno.
Nilikaa kwenye ngazi mpaka wakafunga. Kosa langu mwenyewe na hawataki kunipa.

Jumatatu, 16 Novemba
Barua imekuja. Amefukuzwa. Miaka tisa ya kazi.

Jumatatu, 23 Novemba
Mwalimu amepita. Anasema mataifa yamekutana Amerika, wakabishana sana, wakapiga kura, wengi wakaiambia Ufaransa isilipue. Nilisimama na mwiko mkononi. Ufaransa wamesemaje? Wamesema watalipua.
Basi. Wafalme na marais wametia vidole vyao, nao hawakusikizwa. Tofauti ni kwamba kesho wataamka waende kazini.
Nimemwuliza mwalimu barua yetu ilifika Uingereza? Akasema haikufika. Iko kwenye faili la Zakayo.

Jumamosi, 28 Novemba
Tumemsindikiza Rispa stesheni. Anakwenda kujifungulia kwetu Maragoli, hapa kodi hatuiwezi tena. Nilimfunga tumbo kwa leso yangu. Ameniuliza tena habari ya vumbi. Nikamwambia halitafika. Nimedanganya mjamzito, na ningedanganya tena.

Jumapili, 29 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Nimepika mboga ya mrenda na ugali kidogo, wa watu wawili. Zakayo alikuwa ameandika barua za kuomba kazi, mwandiko mzuri, kila moja anakwama anapofika pa kueleza kwa nini aliacha ile ya kwanza.
Tulikula. Nilingoja aniseme kwa zile karatasi. Nimengoja karibu wiki tatu. Alimaliza, akanawa, akasema asante kwa chakula, mama.