Gari la Umeme kwenye Nyumba ya Fundi Injini

Mshauri mpendwa,

Jumapili ya wiki iliyopita mume wangu alitamka mbele ya wajumbe wa tawi la chama chake kwamba gari langu jipya halitalala ndani ya uzio wetu, na toka siku hiyo nalilaza kwa jirani, mwalimu mstaafu anayetembea kwa mkongojo, ndiyo maana naomba msaada wako kabla sijaliuza.

Mimi ni mkunga, nawafuata wazazi majumbani wiki ya kwanza baada ya kujifungua, na kwa miaka kumi na tisa nimeendesha magari chakavu ambayo mume wangu, fundi injini, aliyafufua kwa mikono yake, lakini la mwisho lilikuwa likinguruma hivi kwamba nikifika mlangoni kichanga kimeshaamka na mama yake ananitazama kwa lawama, basi zahanati ninayofanyia kazi ilipoweka chaja ya magari nikanunua gari dogo la umeme, linaingia uchochoroni hata kuku hashtuki. Sikumwambia. Chama chake kinasema magari haya ni mpango wa serikali wa kuwaua mafundi, na yeye ndiye katibu wa tawi, pikapu yake ya kubebea injini ina bendera ya chama nyuma.

Nililileta nyumbani Jumapili hiyo nikamkuta langoni na wajumbe wake. Mmoja akasema, "Katibu, mkeo siku hizi anaendesha jokofu?" Mwingine akanigeukia, "Shemeji, likiharibika unalipeleka kwa fundi simu?" Walicheka wote isipokuwa yeye, ndipo akatamka hayo ya uzio. Walipoondoka nikamwambia, "Baba Pacha, hili ni la kazi, si la siasa." Akanijibu taratibu, "Mama Pacha, gari lisilo na injini, mimi linanihitaji kwa lipi?" Akaenda kunawa mikono, ingawa ilikuwa safi.

Sasa tunazungumza habari za watoto tu. Faraja yangu ni huyo jirani, kila asubuhi nakuta kioo kimefutwa umande, na hata tairi la nyuma lililokuwa likipungua upepo limepona. Niliuze nipate amani?

Mkunga wa majumbani

*

Mkunga,

Usiliuze.

Kwanza nikuseme. Umeishi na mtu huyu miaka kumi na tisa, ukanunua gari bila kumwuliza fundi unayelala naye kitanda kimoja, ukamwacha alione mara ya kwanza mbele ya watu anaowaongoza. Hilo ni kosa lako, na halihusiani na umeme wala petroli. Omba radhi kwa hilo peke yake. Kazi unayoifanya na gari lako usiombee radhi.

Chama chake usikiguse. Gereji yake inakula kwa injini, kwa hiyo hofu yake ina sababu, na wewe si wa kumshinda kwa hoja sebuleni.

Sasa soma tena barua yako. Mwalimu mstaafu mwenye mkongojo hachuchumai alfajiri kuziba tairi la nyuma. Wewe mwenyewe unamjua aliyezoea kufanya hivyo kwenye kila gari ulilowahi kuendesha. Alikuuliza gari hili linamhitaji kwa lipi, hukumjibu, akaenda kujitafutia jibu kwa jirani.

Mjibu. Breki, tairi, usukani na springi bado ni kazi ya fundi. Mpe ufunguo wa pili mkononi, mwambie, "Baba Pacha, siendi kwa wazazi na gari ambalo hujalikagua." Kisha nyamaza, hata akinuna. Usimwambie kwamba umejua habari ya tairi. Aseme mwenyewe akitaka.

Mkutano wa tawi lake bila shaka ni Jumapili tena. Wewe mpe ufunguo Jumamosi, saa mbili asubuhi, mkiwa wawili tu. Mkitoka kwenda kwa jirani alikague, liache lango lenu wazi.