A Niliyokuficha, Baba

Iringa, Februari

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na Mama yuko salama kwenye meza yenu ya dagaa. Mimi mzima kabisa hapa bwenini, nilikobaki kusaidia kazi tangu tumalize mtihani, ila baridi ya huku haina adabu.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Nimepata daraja la kwanza! Sijisifu, nasema kilichoandikwa. Nimefurahi mpaka nimelia.

Unakumbuka siku uliyonileta shule hii ya Walutheri? Ulisema sala zikikatika, na shule imekatika. Sikukulaumu. Ulipotoka Malawi kuja Igawa bila ndugu, waliokupokea ni watu wa msikitini, na shule pekee uliyowahi kuipata ni madrasa. Sala sijaacha. Matron Yusta alinipa kona kwenye stoo ya magodoro, na kila Ramadhani aliniwekea uji wa kufuturu.

Nilisoma ulivyonifundisha, kwa sauti, mwili ukiyumba. Mwalimu Esnath alinikataza, darasa likacheka. Majibu ya mtihani wa Biolojia yalipotoka, akaniuliza nani alinifundisha kusoma vile. Nikamwambia ni baba yangu, muuza dagaa. Siku hizi bweni zima linayumba, na mabinti wa wainjilisti ndio wanaoyumba zaidi.

Sasa nililokuficha. Nasri wa duka la simu atakusomea matokeo mtandaoni, na kwenye mstari wangu ataona Maarifa ya Biblia, A. Hakuna aliyenilazimisha. Mwalimu wa somo la dini yetu hakuwepo, nami nilijua kichwa ulichokizoesha kuhifadhi kitanipatia alama. Nililichagua kidato cha tatu, nikanyamaza miaka miwili kwa kuogopa utanirudisha nyumbani. Kulisoma hakuniumi, Baba. Kukuficha ndiko kunakoniuma, na ninakuomba radhi.

Ijumaa ninakuja. Kabla hujaamua kama nitaendelea na kidato cha tano au nitabaki na Mama mezani, keti unisikilize nikikusomea Yasini yote, bila msahafu. Nikikosea herufi moja, sanduku langu lisirudi Iringa.

Lakini sitakosea.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na umwambie nitafika na njaa. Majirani wote nawasalimu, Nasri pia, hata kama amewahi kukusomea kabla ya barua hii.

Ni mimi bintiyo mtiifu, kasoro hilo moja,

Batuli Isihaka