Maji ya Mama wa Nyunzu

Kalemie, tarehe 9 Agosti

Kwako yaya yangu Barthélemy, kaka mukubwa,

Amani ya Bwana itangulie kuingia kwako Kongolo, kisha barua hii ifuate. Hujambo, yaya? Mama Olga anaendeleaje, na wajukuu, na ule muguu wako unaosumbua wakati wa baridi? Huku kwetu Lubuye nyumba ingali imesimama, ziwa linatupatia samaki wa mikebuka, na Carine, mutoto wangu wa mwisho, amepata kazi ya ofisi, kwenye biro moja pale bandarini. Tunamushukuru Mungu.

Siku hizi ninakaa sana barazani, na muntu anayekaa sana anakumbuka sana. Ninakumbuka gita yako nyekundu, na zile Jumamosi tulizopiga muziki nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa relwe mpaka majirani wanaacha kutwanga. Ninakumbuka siku Papa alipokataa nisiende nawe kuimba kwenye ndoa huko Kongolo, akisema binti yake hawezi kuzunguka na wapiga gita. Hakuna aliyekuwa anasimama mbele ya Papa, lakini wewe ulisimama, ukamuambia: "Papa, bila Evodie gita yangu haina mudomo." Alicheka bila kutaka. Kesho yake tulipanda treni.

Ndoa yenyewe hatukuiona! Mvua ilikuwa imekula njia ya reli mbele ya Nyunzu, na treni ikakwama pale. Watoto wakalia, wakubwa wakaanza kugombana kwa sababu ya maji ya kunywa. Ndipo yule mama akatoka shambani na bidoni ya maji kichwani, akapita behewa kwa behewa akinywesha watu asiowajua. Wewe ulitoa gita, ukatafuta sauti, mimi nikaweka maneno: "Mama wa Nyunzu, nipe maji, maji yako ni matamu." Kabla jua halijashuka treni nzima ilikuwa inaimba, na wale wale waliogombana walikuwa wanagawana mihogo. Baadaye nimesafiri mpaka Moba, nimevuka mpaka Kigoma, lakini furaha kama ile sijaikuta tena.

Sasa, yaya, nikuambie jambo nililowakataza watoto wasikuambie. Mwezi wa tatu nilianguka jikoni. Mukono wa kuume ulikufa ganzi, na maneno yakaenda. Munganga wa hospitali alisema ni mushipa wa kichwani. Akili ilikuwa pale, nilisikia kila kitu, lakini nikifungua mudomo hakuna kinachotoka. Njo maana Carine alikuwa anapokea simu zako na kusema nimelala. Sikutaka usikie kunyamaza kwangu. Herufi hizi mbaya ninaziandika kwa mukono wa kushoto.

Muchana mumoja kiu ilinishika. Nilimuonyesha Carine mudomo wangu. Akaleta uji. Nikakataa, akaleta dawa. Nilikuwa ninalia kwa hasira, yaya, kama mutoto. Mara wimbo ukapanda wenyewe kifuani, nikaimba: "nipe maji". Carine akaangusha sahani. "Mama! Rudia!" Nikarudia, ubeti muzima, bila kukwama.

Munganga akasema wakati mwingine neno linaloimbwa lina njia yake kichwani, tusiache kuimba. Basi kila asubuhi tunaimba, na maneno mengine yanakuja polepole nyuma ya wimbo. Nimesema "chumvi". Nimesema "Carine". Jumapili iliyopita nimesema "Barthélemy", jina refu lile, na nyumba yote ikapiga makofi.

Asante, yaya. Siku ile mbele ya Papa ulifikiri unaniombea safari tu.

Nisalimie Mama Olga, na kila mutoto kwa jina lake. Barua hii nimemupa Télesphore, jirani yetu anayekuja huko kwa treni. Ukiisha kuipata, Jumapili itakayofuata, misa ikiisha, nitakupigia simu mimi mwenyewe. Nitachelewa kuanza. Usikate.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda,

Evodie