Kituo sebuleni kwa mama mkwe

Mwenzangu, dada yangu kaumbuka ukumbini sasa hivi. Bado siamini.

Si unajua ndiye aliyechora ile ramani ya treni za jiji za miaka thelathini ijayo? Leo walikuwa wanawaonyesha wananchi, naye akamwalika mama mkwe wake aje amwone akiwa kazini. Mama wa watu kapendeza, kakaa kiti cha mbele.

Ramani ikawashwa ukutani. Mama mkwe akaitazama weee, kisha akasimama taratibu. "Mwanangu, hicho kituo kiko wapi?"

Dada akaisogelea ramani. "Karibu na kwako, mama."

"Karibu, au sebuleni?"

Sebuleni, mwenzangu. Sebuleni kabisa. Alipiga mstari kwa rula bila kuangalia nyumba ni ya nani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Dada akaomba radhi, akasema reli inaweza kupindishwa. Mama mkwe akakataa. "Iacheni hapo hapo. Wakati huo mimi sitakuwepo. Nyumba itakuwa yako na mume wako." Akaketi zake.

Mkuu wa mipango akauliza nani anaipinga njia hiyo. Ulinyooshwa mkono mmoja tu, wa dada.