Mashavu Niliyokubandika

Shomari,

Nimemkosea mke wako. Naanza na hilo kabla sijakusalimia, maana nikianza na salamu najijua, nitazunguka, nitaleta masihara, mwisho nitafunga kompyuta nikalale. Nimemkosea Zuhura. Na wewe nimekukosea, tena la kwako ndilo baya zaidi, ila sijapata nguvu ya kuliandika. Ngoja nianze na lake.

Kwenu Mbagala wanasema Zuhura kakuua. Ndiyo hivyo, bwana. Wanasema kakulisha kitu. Kaka yako Pazi ndiye aliyeanza, kwenye gurupu la familia, mashangazi wakadakia, na sasa hata mama yako anasema. Ushahidi wao ni picha. Nimeisikia sauti ya mama mwenyewe: "Picha ninayo hapa. Mwanangu kanawiri, shavu hili! Wiki hiyo hiyo naambiwa kafa na ini. Ini gani linamnenepesha mtu?"

Shavu hilo nimeliweka mimi, Shomari. Wewe unajua. Wao hawajui. Zuhura naye hajui, maana picha zote zilikuwa zinatoka kwenye simu yako kwenda kwa mama moja kwa moja, na yeye kwenye gurupu la kwenu hawajawahi kumwingiza.

Nilivyojiandikisha lile darasa la kupiga picha na kuzichezea kwenye kompyuta, hapa Mesquite pembeni ya Dallas, ulinicheka mpaka ukakohoa. "Wewe mpagazi! Babu zako walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, wewe umevuka bahari kuja kubeba maboksi, sasa unataka kubeba na kamera?" Nikakujibu kwamba babu zako Wazaramo walikaa njiani kuwadai babu zangu kodi ya kupita, ndiyo maana wewe huna kazi unayoiweza ila kukaa. Zuhura akasema nyie watani mtazikana hivi hivi mkitukanana. Tukacheka wote.

Nilikuwa mzee kuliko wote darasani. Ticha, mama mmoja mpole, alituambia tupige chochote, tujaribu, tuharibu. Nikaharibu kweli. Nilipiga maboksi ghalani, nikapiga mvua kwenye kioo cha gari. Ile picha ya kituo cha basi pale kwenu Gulfton, Houston, unaikumbuka? Nilifuta pipa la taka, likatoka pipa na nusu ya mguu wa yule mama wa Honduras aliyekuwa anangoja basi. Nilijiotesha nywele kichwani nikakutumia, ukanijibu: "Rudisha upara wa watu." Siku hizo ilikuwa raha tupu. Nilikuwa nikitoka shifti mgongo unauma, nikifungua kompyuta maumivu nayasahau.

Halafu ukaanza kukonda.

Siku ile kwenye balkoni yenu uliniambia, "Mnyamwezi, mama anataka picha. Ana presha, akiniona hivi atanitangulia. Hebu nivishe mwili kidogo." Ulisema kama mtu anayeomba kuazimwa shati. Na mimi sikukataa, maana niliona ni jambo la huruma. Nilipekua picha zako za zamani nikitafuta uso ambao mwanga unatokea upande ule ule, nikaupata mmoja tu: harusi ya Cedar Hill, umekaa na sahani ya pilau, mdomo umejaa. Nikayakata mashavu yale nikakubandika. Macho yako yalikuwa ya manjano, nikayafua yakawa meupe. Nilipokuonyesha ulishtuka. "Heh! Huyu nani? Mbona mzuri kuliko mimi? Mke wangu asimwone huyu."

Mama akajibu kwa furaha. Ukalia, ukasema umelia kwa kucheka.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kila nikija Houston, picha. Na hapa nataka nikuambie kitu ambacho hukukijua. Kadiri ulivyozidi kukonda, ndivyo kazi ilivyozidi kuninogea. Mwanzo ilikuwa rahisi, nyama kidogo hapa, kivuli kidogo pale. Baadaye shingo, baadaye mikono, na mfupa wa bega ulikuwa unanitoa jasho. Nikiwa narudi Dallas, masaa manne barabarani, nilikuwa siwazi kwamba rafiki yangu anakufa. Nilikuwa nawaza kivuli chini ya kidevu. Nilizipeleka darasani, kabla na baada, ukutani wakazitundika. Ticha alisimama mbele ya hizo picha muda mrefu, akaniuliza kama mtu huyu amekubali. Nikasema amekubali. Akaniambia nina jicho. Shomari, nilifurahi. Nilitoka pale kifua mbele, na wewe huko huwezi kumeza hata uji.

Sasa la kwako.

Siku ile uliyonipa simu yako kwa sababu vidole vilikuwa havikamati. Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani, Zuhura yuko jikoni. Ulisema taratibu, neno moja moja: "Safari hii usiniguse. Mpige mtu huyu huyu, mpelekee mama. Nataka anisomee dua akijua anamsomea nani." Nikakupiga. Ilikuwa picha nzuri, wallahi. Haikuhitaji chochote.

Nikakuambia mtandao unasumbua, nashuka chini. Nikashuka mpaka kwenye gari, nikafungua kompyuta kwenye usukani. Nilijiambia nitaituma kama ilivyo. Nikaitazama. Nikafikiria mama akiona hii leo, atauliza zile za nyuma zilikuwa za nani. Atauliza nani kazitengeneza. Nikasema basi, nipunguze makali tu. Mkono ulikuwa umeshazoea, Shomari, ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilipokuja kushtuka ulikuwa umenenepa kuliko siku zote. Na ilikuwa safi, haina kosa. Nikaituma hiyo. Kisha nikaifuta kwenye simu yako, usije ukaiona.

Nikapanda juu. Ukaniuliza, "Umetuma?"

"Nimetuma."

"Amesemaje?"

Sauti ya mama ilikuwa imeshaingia. Alikuwa anacheka. "Alhamdulillahi, baba, umenawiri! Haya, rudi sasa nikutafutie na mke wa pili." Nilikuwa nayo mkononi, Shomari. Nikaifuta nayo, nikakuambia hajajibu, labda wamelala. Ukageuza uso dirishani. Jioni ukauliza tena. Asubuhi ukauliza tena. Baadaye hukuuliza.

Umekufa unadhani mama yako amekuona ulivyo, akanyamaza.

Nimeandika. Ngoja nipumzike kidogo.

Nilikuosha mimi na wale vijana wawili wa msikitini. Mmoja alinong'ona, "Subhanallah, mwepesi." Nilimwaga maji kwenye uso wako, yakatuama pale ambapo mimi nilikuwa naweka nyama. Wenzangu walidhani nalia msiba.

Na ujue nilijaribu kusema. Ukumbini, baada ya maziko, watu wanakula, mtani ni lazima asimame achekeshe wafiwa, si unajua. Nikajifunga kanga ya Zuhura kiunoni, nikasimama mbele ya watu, nikasema, "Sikilizeni! Mzaramo huyu hakunenepa, nimemnenepesha mimi! Mama yake kadanganywa na mimi! Mkitaka mwongo, ni huyu Mnyamwezi hapa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja akapiga meza, "Mpeni mtani soda anyamaze!" Wakanipa soda. Nikasema tena, ni kweli jamani, kwa sauti ya chini, wakazidi kucheka, mmoja akasema Mnyamwezi huyu leo kaamua. Nikaketi, nikanywa soda.

Nilijidanganya kwamba nimeshaungama. Mtu anaungama na kanga kiunoni? Nilichagua mahali ambapo najua hakuna atakayeniamini.

Wiki ile ile maneno yakaanza huko kwenu. Hukurudishwa nyumbani, umezikwa huku Houston, kwa hiyo hakuna hata mmoja wao aliyekuona. Wanachokiona ni ile picha yangu ya mwisho. Wameikuza, wameitia fremu, ipo sebuleni kwa mama juu ya kochi. Pazi alituma video yake kwenye gurupu, nami nimo, waliniingiza siku ya msiba. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya kwa mikono hii. Naiona hapo ukutani, mama kakaa chini yake analia, anamwita mkwewe mchawi.

Zuhura yupo eda. Nilikwenda kumpelekea vitu, tukaongea yeye akiwa chumbani, mimi sebuleni, mlango umerudishwa. Akaniuliza kwa sauti yake ile ya kawaida, "Shemeji, hizo picha wanazosema ni zipi? Mimi niliyekuwa nambeba mgongoni kumpeleka msalani, nampigaje picha kanenepa?"

Nikasema, "Sijui, shemeji. Labda za zamani."

Akasema, "Labda." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Aliwapigia wao, akawaeleza ugonjwa wote, tangu mwanzo. Wakamwambia mbona siku zote alikuwa anasema mume hajambo. Si wewe uliyemwapisha asimwambie mama? Ametunza kiapo chako, sasa kinamfunga yeye. Na Asha wenu, mwanao, alisikiliza sauti moja ya shangazi kwenye simu ya mama yake, kesho yake akanipigia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza chake, anko, mchawi maana yake nini? Nikamwambia nipo kazini. Nilikuwa nimekaa kwenye gari, gari limezimwa.

Jumapili hii ni arobaini yako. Wanasoma hitima Mbagala, na Pazi ameandika kwamba baada ya hitima wazee watakaa watamke mbele ya watu kwamba Zuhura si mkwe wao tena, na hata mtoto watafute namna ya kumchukua. Likishatamkwa na wazee mbele ya watu, nani ataliokota?

Kwa hiyo ni Jumamosi. Nimeomba ruhusa kazini, bosi amenuna, amenipa. Ijumaa nikitoka shifti naingia barabarani moja kwa moja. Jumamosi saa nne asubuhi hapa, kwao imefika magharibi, mama atakuwa ameshaswali. Kabla ya hapo nitamwambia Zuhura, mimi na yeye na ule mlango. Kila kitu, hata lile la sauti ya mama. Akinifukuza nitakaa kwenye ngazi mpaka saa ifike, maana simu hii lazima ipigwe, anipende asinipende.

Nitampigia mama kwa video, na Pazi awepo. Sitavaa kanga. Nitaanza kwa kumwambia, "Mama, leo utani nimeuacha Dallas, naomba unisikilize kama mtoto aliyeua." Zile picha ninazo zote, za kweli na za uongo. Kwenye kompyuta kila nilichobandika kimelala juu ya picha ya kweli, kama mashuka kitandani, moja juu ya jingine. Nitayavua mashuka mbele yake, moja moja, polepole kwa ajili ya presha yake, na dada yake nimeshamwomba akae karibu amshike mkono. Atayaona mashavu yakitoka. Nitamwonyesha hata ile sahani ya pilau yalikotoka. Mpaka tufike chini kabisa, kwa yule mtu wa dirishani aliyesema asiguswe. Nitamwambia alikuwa anangoja nini kwake, na nani alimnyima.

Najua ninachokwenda kukifanya. Namuua mwanawe mara ya pili. Nimelipima hilo, nimetafuta njia ya kulikwepa, sijaiona. Mwenye presha huko ni mmoja. Huku mwanamke anaitwa muuaji na mtoto anatafuta maana ya neno.

Jana nilimpigia Zuhura kumwambia nakuja. Hakuuliza kuna nini. Alisema, "Njoo, shemeji. Usile vya njiani, nitakuachia chakula." Sijui kama kitalika.

Nisamehe, Shomari, kama huko kuna nafasi ya kusamehe. Kama hakuna, nisubiri, tutayaongea. Mimi sasa nazima kompyuta nikalale, kesho kazi.

Jumamosi sitakata simu mimi. Akitaka kunilaani anilaani, Pazi akitaka kunitukana anitukane mpaka achoke, nitakaa hapo hapo. Atakayekata ni mama. Ila kabla hajakata nitamwomba kitu kimoja, na nitamwomba mpaka akitoe: amwite Zuhura kwa jina lake, amwambie, mwanangu.

Mtani wako, Mnyamwezi.