Unga Mkavu na Chumvi ya Bi Zuhura

Zinga, Jumamosi tarehe 12 Aprili. Asubuhi manyunyu, hewa nzito, nguo nilizofua juzi bado mbichi.

Mama, shikamoo. Magoti yanakuachia ulale? Na mlenda wa kukausha umeanika wa kutosha? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Katika maabara ya shule ninakofanya kazi kuna kopo la unga mweupe wa fosforasi. Mwalimu huuita anhidraidi: ni tindikali iliyoondolewa maji, kama mlenda wako mkavu. Ukiutia maji, tindikali inarudi. Basi Alhamisi nimefungua stoo, unga hakuna. Ndani ya kopo mna uji mzito unaovutika.

Stoo ina funguo mbili, mmoja wangu, mwingine wa Bi Zuhura, mtunza stoo. Mumewe anachaji betri za magari Kerege. Unaona? Nikajiambia ameuza unga, akajaza tindikali ya betri. Nilipokuwa namtazama mikono akacheka: "We mtu wa bara, mbona unaninusa kama paka kwa muuza samaki?" Mwenye hatia hucheka hivyohivyo. Jana nimempelekea mkuu wa shule barua, nimemtaja kwa jina.

Leo tunahesabu vifaa. Kabla Bi Zuhura hajafika nitaupima uji huo.

Jumapili asubuhi. Mvua kubwa.

Mama, nilipima. Tindikali ya betri ina ubesi wa mbili, yaani ina haidrojeni mbili za kutoa, nazo hutoka pamoja, hivyo nikiidondoshea alkali rangi zangu zote mbili za kupimia hubadilika karibu mahali pamoja. Hii ya kopo ilibadilisha rangi ya kwanza kwenye mililita kumi za alkali, ya pili kwenye ishirini. Ndivyo ilivyo tindikali ya fosforasi: ina ubesi wa tatu, nayo hutoa haidrojeni zake moja moja. Kumbe unga haukuibwa, ulipata maji. Nikazidi kumshuku. Sasa si mwizi tena, ni mharibifu.

Saa saba tukala. Bi Zuhura alileta wali na samaki, akafungua kichupa cha chumvi. Ndani nikaona punje za mchele. Nikamuuliza za nini.

"Zinakunywa unyevu. Huku chumvi ukiiacha wazi inalia, mwanangu. Kwenu hailii?"

Kwetu hailii, Mama. Yako inakaa kwenye bakuli wazi mwaka mzima. Basi hata unga wa kopo ungeweza kunywa maji ya hewa ya huku. Nikaenda chumbani kufungua shajara. Jumatatu: "Mfuniko wa kopo umepasuka. Nimefunika kwa karatasi na mpira." Mwandiko wangu.

Niliporudi, alikuwa keshaitwa ofisini. Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya mkuu, barua yangu mkononi. Nikasema yote palepale, pamoja na hiyo Jumatatu. Mkuu akaichana barua. Bi Zuhura hakupaza sauti.

"Umekula chumvi yangu leo," alisema, "na barua uliileta jana."

Nilimwomba radhi njia nzima hadi mlangoni kwake. Alijibu kwamba amesikia. Lakini jioni, alipofunga stoo, alinyoosha mkono nimpe ufunguo wangu, akaondoka na zote mbili.

Nisalimie shangazi wa mashine ya kusaga, na kaka mchunga ng'ombe. Mwambie nitamwandikia yake. Chumvi yako iache hivyohivyo wazi.

Mwanao,
Neema

Jana nililala saa saba na robo usiku, nikiuwaza ufunguo ule.